Shangazi Kwenye Mstari wa Hamsini na Saba

Baba yangu ana tabia ya kuahidi kwa niaba ya watu wengine. Ukimwomba ngazi atakuambia nenda kachukue ya jirani, na jirani atapata habari baadaye. Kwa hiyo siku aliponipigia simu kutoka Korogwe na kuanza kwa kusema, "Mama, nimewaambia watu," nilivuta kiti nikakaa kwanza. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na kadiri anavyolitamka kwa upole ndivyo kazi inavyokuwa kubwa.

Alichowaambia watu ni hiki: kwenye mkutano wa ukoo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hakutakuwa na kufunuafunua madaftari. Kutakuwa na kompyuta mezani. Mtu atataja jina lake na jina la mwenzake, na kompyuta itasema wanahusiana vipi, nani ni baba mdogo wa nani, nani amwamkie nani, na nani asithubutu kumposa nani. "Kabla hujamaliza kupenga kamasi jibu limeshatoka," baba alisema. "Nimewaambia hivyo hivyo."

Baba ni katibu wa ukoo. Sisi ni Wasambaa tulioteremka kutoka milima ya nyuma ya Mombo, tukatapakaa Korogwe, Handeni na kwingineko, na kwa hesabu ya baba tumefika watu mia sita na ushee. Tangu alipostaafu kazi ya reli, ukatibu ndio kitu pekee kinachomfanya avae shati lenye kola. Lakini mwaka huu kulikuwa na uchaguzi, na kaka yake, yaani baba mkubwa, alikuwa anautaka ukatibu huo. Baba mkubwa ana madaftari matatu makubwa na mwandiko mzuri kupita wa baba, na alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akisema kwamba ukoo hauwezi kuwekwa kwenye kitu kinachohitaji chaji. Mimi nilikuwa nikimwazia baba bila ukatibu, amekaa barazani na fulana, anasikiliza redio mpaka betri ziishe, na picha hiyo ilinitia huzuni ya kweli.

Kazi yangu ni kuandika programu. Nakaa Chanika, Handeni, na kampuni inayonilipa iko Dar. Majirani wanaamini natengeneza simu. Wananiletea chaja zilizokatika, na nimeshachoka kueleza, siku hizi naziunga tu kwa gundi ya umeme na kuzirudisha. Programu ya baba niliiandika baada ya saa za kazi, yeye akinitajia majina kwa simu. Na alinipa sharti moja. "Huwezi kumtaja mtu kabla hujamtaja baba yake," alisema. "Na huyo baba humtaji kabla ya baba yake, mpaka ufike kwa babu mkuu. Ndivyo tulivyofundishwa. Mashine nayo ifuate adabu." Nikaandika hivyo hivyo, nikafurahi hata. Sehemu hiyo ya programu niliiita mwamkie.

Wiki moja kabla ya mkutano nilikwenda Korogwe kuijaribu kwenye kompyuta ya baba mwenyewe, maana yangu aliikataa katakata. Alitaka watu waone ni yake. Aliuziwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, ni nzito kama tofali, na feni yake inalia kama mashine ya kukoboa. Nilipofika nilimkuta baba mkubwa sebuleni. Baba alikuwa amemwalika aje ashuhudie, na hilo hakuona haja ya kuniambia.

"Tuanze na swali jepesi," baba alisema. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja jina lake, kisha jina la kaka yake aliyekaa pembeni yake wakigusana magoti. Akabonyeza.

Feni ikaanza. Tukangoja. Chai ikaletwa. Baba mkubwa akamimina yake kwenye kisahani, akaipuliza, akainywa, akaongeza nyingine.

"Inafikiria," baba alisema.

"Mimi naweza kuwasaidia," baba mkubwa akasema. "Huyu ni mdogo wangu."

Ilichukua dakika sita na nusu. Jibu lilipotoka lilikuwa sahihi kabisa: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mdogo amwamkie mkubwa. Baba mkubwa alilisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akaaga. Alipofika mlangoni aligeuka akasema kwamba ikiwa ndugu wa tumbo moja ni dakika sita, basi binamu waambiwe waje na magodoro. Baba alicheka naye. Mlango ulipofungwa alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalitundika kwenye msumari, akaniambia nisijali. Nilijali sana.

Nilirudi Chanika na hasira zangu zote. Mimi nikikasirika natafuta wa kumlaumu, na sina aibu katika kutafuta. Nililaumu kompyuta ya baba. Nikaijaribu programu kwenye yangu, ambayo ni mpya, ikachukua dakika moja na nusu. Nikalaumu joto. Nikaulaumu ukoo kwa kuzaana. Jumatatu asubuhi, nilipokuwa sina tena wa kumlaumu, ndipo nilipofungua profaila, kitu ambacho mtu mwenye akili angekifungua kwanza.

Profaila ni programu inayochungulia programu nyingine. Unaiachia ile ya kwako ifanye kazi, nayo profaila kila baada ya muda mfupi sana inaishtukiza na kuuliza: uko wapi sasa hivi? Inaandika jibu, inaiacha iendelee, inaishtukiza tena. Mwisho unapata orodha ya mahali ilipokutwa mara nyingi zaidi, na hapo ndipo muda wako unapopotelea. Ni kazi ya umbea, ila yenye takwimu.

Wiki hiyo nilikuwa na mgeni. Shangazi, dada yao baba na baba mkubwa, wa katikati, ameolewa na Mzigua kijiji kimoja mbele ya Handeni. Alikuja mjini kuchukua miwani hospitali, akaamua kukaa kwangu siku chache aizoee. Kuizoea maana yake ilikuwa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa ndani ya nyumba yangu. Alisoma pakiti ya sabuni. Alisoma kalenda, pamoja na jina la duka lililoitoa. Alisoma onyo kwenye mtungi wa gesi kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa hadhara. Nilipofungua kompyuta alisogeza kigoda akaketi nyuma ya bega langu.

"Haya," alisema. "Hizi nazo ni namba za pikipiki?"

Skrini ilikuwa imejaa asembli tupu, yaani maagizo yenyewe jinsi mashine inavyoyapokea: vifupisho vya herufi tatu nne, namba, mabano, mstari chini ya mstari, hakuna neno hata moja la mwanadamu.

"Ni programu yangu, shangazi. Ndivyo mashine inavyoiona."

"Pole yake," alisema.

Kosa lilikuwa langu. Programu ikiandaliwa kwa haraka, majina yote uliyoandika hutupwa ili iwe nyepesi, na profaila haina namna ya kujua agizo gani lilitoka kwenye mstari gani. Nikaiandaa upya, safari hii nikiiambia ihifadhi majina, na skrini ikagawanyika vizuri pande mbili. Kushoto msimbo niliouandika mimi, mstari kwa mstari, na majina yake ya Kiswahili. Kulia asembli ya mistari hiyo hiyo. Pembeni ya kila mstari palikuwa na asilimia, na mstari ulioelemewa ulipakwa rangi: njano, machungwa, halafu nyekundu.

Nyekundu ilikuwa moja tu. Mstari wa hamsini na saba, tisini na moja kwa mia. Ulikuwa mstari mfupi unaouliza kama mtu aliyefikiwa ni shangazi wa anayeuliza, na nilikuwa nimeuandika kwa maneno hayo hayo.

Shangazi akasogeza miwani. "Ni. Shangazi. Huyu," alisoma. Akarudia. "Tisini na moja. Mbona nimepakwa wekundu?"

Nilikuwa nimezama katika kufikiri, na mtu aliyezama katika kufikiri hatakiwi kufungua mdomo. "Ndio wanaochelewesha," nilisema. "Mashangazi ndio wanaokula muda wote."

Shangazi alivua miwani, akaikunja, akaitia kwenye kasha lake, akalifunga likalia tap. Huyu ni mwanamke anayeamka kabla ya majogoo, anayefika msibani kabla ya marehemu kuoshwa. Akachukua simu yake akatoka uani, na kupitia dirishani nikasikia kila kitu, kama alivyokusudia.

"Mtoto wako ameniandika kwenye kompyuta," alikuwa akimwambia baba, "kwamba ukoo mzima unachelewa kwa sababu yangu. Kwa asilimia. Basi Jumamosi siji. Nitakaa kwangu msije mkachelewa."

Katika mikutano ya ukoo wetu, wanawake walioolewa nje na watoto wao hukaa anakokaa shangazi na hunyoosha mikono anaponyoosha yeye. Asipokuja, nao hawaji, na wao ndio waliokuwa kura za baba. Dakika mbili baadaye simu yangu ikalia.

"Mama," baba alisema kwa upole wa kutisha, "umemwandika nini dada yangu?"

Nikaapa kuurekebisha mstari wa hamsini na saba siku hiyo hiyo. Niliushambulia kwa kila mbinu ninayoijua. Niliufupisha. Niliuhamisha. Niliubadilisha namna ya kuuliza. Kila nikipima, tisini na moja. Jumanne saa sita mchana, njaa inaniuma na shangazi anaongea na mimi kwa kupitia paka wa jirani tu ("mwambie huyo dada chakula kipo mezani"), nilifanya jambo la aibu. Niliufuta kabisa. Nikawatoa mashangazi wote kwenye ukoo, wa zamani na wa sasa, kwa kubonyeza mara moja, nikapima tena.

Muda ni ule ule. Na nyekundu ilikuwa imehamia kwenye mstari uliofuata, unaouliza kama mtu huyo ni mjomba.

Niliukodolea macho. Mjomba siku zote alikuwa mweupe, hana hata nusu kwa mia, na sasa ana tisini na moja. Nikamfuta na mjomba. Nyekundu ikahamia kwa binamu. Kumbe haikuwa kosa la shangazi wala la mtu yeyote kati yao. Yeyote aliyesimama baada ya mstari wa hamsini na sita alipakwa wekundu.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nililijua tangu chuoni na sikuwahi kulihitaji. Nikawarudisha mashangazi na wajomba, nikahamia upande wa kulia, kwenye asembli, nikashuka agizo moja moja. Ukimtuma kiranja aandike wapiga kelele darasani, anasikia mtu amepiga kelele, lakini mpaka ainue kichwa aliyepiga ameshafunga mdomo, na jirani yake ndiye anayekutwa anacheka. Jina la jirani ndilo linalofika kwa mwalimu. Profaila nayo ina udhaifu huo huo. Agizo lililo zito likiwa linafanya kazi, kinachosajiliwa mara nyingi ni lile linalofuata, ambalo limesimama tu linangoja zamu yake. Kwenye msimbo huwezi kuliona hilo, kwa sababu mstari mmoja ni maagizo mengi na yote yamepakwa kwa pamoja. Kwenye asembli linaonekana wazi, ukiwa na subira.

Nilikwenda uani kumwomba radhi shangazi. Alikuwa anachambua mchicha na hakuinua macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo nimechelewesha nini?"

"Njoo uone. Wamekusingizia."

Neno hilo lilimwinua. Alinawa mikono, akakaa kigodani, akafungua kasha kwa taratibu ya hakimu, akavaa miwani. Nikamwonyesha vile vinamba vidogo kushoto kwa asembli, vinavyosema kila agizo limetoka mstari gani. Akavisoma kwa kidole.

"Hamsini na sita. Hamsini na sita. Hamsini na sita. Hamsini na saba, hapa ndipo wekundu. Mimi." Kidole chake kikarudi juu hatua moja. "Na huyu wa hamsini na sita, aliye mbele yangu tu, mwenye sifuri? Anafanya nini?"

Lilikuwa agizo la kugawanya. Kila mtu wa ukoo nilimpa namba, na ili kujua amewekwa kijisanduku kipi cha kumbukumbu, mashine inaigawanya namba yake na kutazama kinachobaki. Kujumlisha kwa mashine ni rahisi, kuzidisha si vibaya, lakini kugawanya ni mateso, hasa kwa kompyuta ya umri wa ile ya baba. Nikamweleza hivyo.

"Sasa hilo lilihitaji kompyuta?" shangazi alisema. "Kwenye shughuli yoyote kula hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kugawa nyama. Halafu watu wakilalamika, anatazamwa nani? Yule aliyekutwa na sahani mkononi."

Nimesoma vitabu vinene kuhusu jambo hili na hakuna hata kimoja kilichonieleza vizuri zaidi.

"Haya," aliendelea, sasa amenoga, "huyo mgawaji nani anamwita mara zote hizo?"

Profaila inaonyesha na hilo pia: nani alimwita nani. Tukapanda juu pamoja. Mstari wa hamsini na sita ulikuwa unaitwa na ile sehemu niliyoiita mwamkie. Nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu, na kadiri nilivyohesabu ndivyo masikio yangu yalivyokuwa yakipata moto. Ili kumtaja mtu mmoja, programu ilipanda mpaka kwa babu mkuu. Lakini njiani ilipaswa kumtaja baba yake, naye hatajwi kabla ya kupanda upya mpaka kwa babu mkuu, na babu yake vile vile, na kila kizazi kiliizidisha safari mara mbili. Vizazi tisa. Na ili kujua nani anahusiana vipi na nani, iliwapitia watu wote mia sita, kila mmoja na mwenzake. Kwa swali moja tu, la baba na kaka yake waliogusana magoti, marehemu babu mkuu aliamkiwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuandika kwenye ile karatasi.

"Masikini babu," shangazi alisema. "Hapumziki hata kaburini. Nani aliweka utaratibu huo?"

Nikakohoa.

"Nani?"

"Baba."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alianza kucheka polepole, kama mtu anayeonja, halafu akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu na paka akakimbia. Alirudia mara tatu: "Kwa hiyo ni yeye." Kisha akaniamuru nipige simu na niweke sauti ya nje.

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu baba. Ni mtu mwema, lakini hakosei. Akitia chumvi kwenye chai atakuambia sukari ya siku hizi imebadilika. Nilimweleza kwa tahadhari kwamba programu itabidi imtaje babu mkuu mara moja tu mwanzoni, iweke kumbukumbu kwamba ameshaamkiwa, halafu iendelee na wengine.

"Haiwezekani," baba alisema. "Mara moja tu? Nitawaambia nini wazee? Bora iende polepole kwa adabu."

"Baba, ikienda polepole utaukosa ukatibu."

"Basi niukose," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata nikatamani nisingelisema.

Shangazi akaninyang'anya simu. "Wewe mtoto," alimwambia baba yangu mwenye miaka sitini na tisa. "Zamani kule nyumbani, asubuhi ukishamwamkia baba, ukienda kuchota maji na kurudi ulikuwa unamwamkia tena?"

Kwenye simu nikasikia redio ikizimwa.

"Ukienda chooni na kurudi?"

"Hapana, dada."

"Ungemwamkia kila ukipita mlangoni angekuonaje?"

"Angenichapa," baba alisema.

"Basi mwache mtoto afanye kazi."

Ilinichukua mistari sita. Kumbukumbu moja ndogo, kwamba fulani ameshaamkiwa leo, na nafasi ya kuikagua kabla ya kupanda. Nilipobonyeza, jibu lilitoka kabla sijaondoa kidole, nikadhani programu imekufa. Nikauliza lingine, na lingine. Nikafungua profaila kwa mara ya mwisho: hapakuwa na nyekundu, wala machungwa, njano tu kidogo mahali pa kuandika jibu kwenye skrini. Mstari wa hamsini na saba ulikuwa mweupe kama shuka. Shangazi alitaka nimchapishie ukurasa huo. Sina printa, kwa hiyo aliupiga picha kwa simu yake, na nina hakika kijiji chake kizima kimeuona.

Jumamosi ile tulifika Korogwe saa tatu asubuhi, na shangazi alikuwa wa kwanza kushuka. Watu waliketi kwenye viti vya kukodi uani kwa baba, upande wa stesheni: wa Mombo, wa Lushoto, wa Handeni, na mstari mrefu wa wanawake na watoto nyuma ya shangazi. Kompyuta ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufumwa. Baba alikuwa na shati la kola, jipya, alama za mikunjo ya dukani bado zinaonekana. Baba mkubwa aliweka madaftari yake matatu magotini. Mwenyekiti, mzee kuliko wote pale, alifungua kwa dua, kisha akasema kila mmoja wa wagombea aonyeshe kazi yake.

Baba mkubwa aliomba aulize yeye. Alitaja jina lake na jina la kijana mmoja wa Lushoto, wa mbali kabisa, ambaye nadhani hata mwenyewe hakuwa na hakika kama ni wetu. Niliandika, nikabonyeza. Jibu likawa limetoka. Mjukuu wa binamu yake upande wa baba, na njia nzima imeandikwa chini. Baba mkubwa akafungua daftari la pili, akalifuata kwa kidole kwa muda mrefu, akalifunga.

"Ni kweli," alisema. Watu wakaanza kupiga makofi. Akanyoosha mkono kuwanyamazisha. "Lakini haikufikiria."

Makofi yakafa.

"Imemtaja babu mkuu mara ngapi?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya mzee. "Mara moja, baba mkubwa."

Ukapita mnong'ono ambao sikuupenda. Wazee wa mbele walitazamana. Mwenyekiti akaegemea mbele. "Mara moja tu? Kwa watu wote hawa?" Nikaona vichwa vinatikiswa safu baada ya safu, na nikajua tumekwisha. Tulikuwa tumezishinda dakika sita na nusu, na sasa tunashindwa na haraka. Baba akasimama. Nilifumba macho, maana namjua. Nilingoja aseme ni mtoto, hawa vijana wa siku hizi, ataibadilisha leo leo.

"Naomba niseme," baba alianza. "Mashine hii ilikuwa nzito. Kaka anajua, alikunywa chai vikombe viwili. Huyu binti yangu akaifungua ndani, kwa kifaa chao, unaona kila mstari na muda wake. Ikaonekana anayechelewesha ni dada. Na mimi nikaamini, maana niliona ni afadhali awe dada. Akashuka chini zaidi, kwenye lugha ya mashine yenyewe, agizo moja moja, akakuta dada hana kosa. Alikuwa amesimama tu nyuma ya mwenye kosa." Akashika kola ya shati. "Mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyesema babu aamkiwe kila hatua. Nilidhani ni adabu. Tulikuwa tunamsumbua mzee. Ni mimi."

Kisha sauti ya shangazi: "Rudia, mdogo wangu, huku nyuma hawajasikia."

Alikuwa amekaa safu ya mbele kabisa. Baba alimtazama, akatazama watu, akavuta pumzi.

"Ni mimi," alisema kwa sauti kubwa.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, mwenyekiti akifuta machozi kwa kofia yake, na kelele zilipotulia akaita mikono ya wanaomtaka baba. Wanawake wote wa nyuma walinyoosha, shangazi akanyoosha miwili akaambiwa ashushe mmoja. Wazee wa mbele wakanyoosha. Baba mkubwa alikaa kidogo na mikono juu ya madaftari yake, akamtazama mdogo wake aliyekuwa bado amesimama, halafu na yeye akanyoosha. Mimi sikunyoosha. Nilikuwa nimeinamia kompyuta nikibonyezabonyeza vitufe visivyo na kazi yoyote, maana nilikuwa nalia, na katika miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema maneno yale mawili.